Tukuyu ya Kale kwa Kisogo

Kama ungemkuta Ambindwile mwaka juzi ukamuuliza kazi yake, angekujibu "mwanahistoria" bila kupepesa macho. Ukweli ni kwamba alikuwa karani wa mizani ya chai aliyestaafu. Miaka thelathini alisoma kilo za majani mabichi kwenye banda la kununulia, na historia aliyoijua ilitoka kwenye vyanzo viwili: babu yake, aliyekuwa msahaulifu, na mdomo wake mwenyewe, ambao haukusahau kitu kwa sababu ulikuwa unatunga papo hapo. Siku hizi haya anayasema yeye mwenyewe. Hajipendelei hata kidogo, na akifika kwenye sehemu ya aibu hupunguza mwendo ili usikose neno.

Mambo yalianza alipochoka kukaa nyumbani kwake Msasani, ile ya hapa Tukuyu. Mkewe alikuwa amefariki, mwanawe wa pekee yuko Mbeya, na mtu aliyezoea kuwatangazia kilo zao watu mia kwa siku hawezi kukaa akatazama migomba tu. Akachora kibao kwa rangi nyekundu, akakitundika kwenye nguzo jirani na soko: TUKUYU YA KALE KWA MIGUU. Chini yake akaandika namba ya simu na neno MTAALAMU.

Haya, mji wa kale. Kilwa wana misikiti ya mawe ya karne na karne. Tukuyu tuna boma la Mjerumani, safu ya maduka ya zamani yenye baraza, makaburi yaliyoota nyasi, na mvua. Mtembeaji asiye na kiongozi anaumaliza mji kabla ukungu haujapanda mlima Rungwe. Ambindwile aliuongeza urefu kwa maneno. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini yeye ya kwake alikuwa ameirefusha ikafika saa mbili kamili, na watu walikuwa wakimaliza wanampigia makofi. Wageni kutoka Dar walimwita Profesa. Naye, badala ya kukataa, alinunua kofia ya pama.

Ijumaa moja ya mwezi wa tano akapigiwa simu na mwanamke mwenye sauti ya kuamrisha. Alijitambulisha kuwa ni Mwalimu Dainess, anafundisha michezo sekondari moja ya Mbeya. Walikuwa walimu sita na mtoto mmoja, wanataka matembezi ya Jumamosi asubuhi, kumuaga mwenzao anayehama. Ambindwile akakubali mbio mbio. Usiku huo alijisemea kwenye kioo hotuba ya ufunguzi mara tatu, na kila mara machifu waliongezeka.

Asubuhi Noah nyeupe ikasimama mbele ya kibao. Manyunyu yalikuwa yanadondoka kidogo kidogo. Walimu wakashuka mmoja mmoja: Dainess mwenyewe, mrefu, kaviringa kilemba cha njano, kijana mmoja mwenye miwani na daftari, jina lake Erasto, wengine watatu wakijikunja kwa baridi. Ambindwile alikuwa amekwisha kunyanyua mikono kuwakaribisha ndipo akashuka wa mwisho, mwanamke amembeba mtoto mgongoni. Mwanamke yule hakumsogelea wala hakumpa mkono. Alivuta kitenge akajifunika kichwa mpaka kwenye nyusi, akatoka barabarani, akasimama kando ya mtaro na kugeuzia uso upande wa soko.

Mikono ya Ambindwile ikabaki hewani. Huyo alikuwa Tulia, mke wa mwanawe Lutengano.

Hapa yafaa kueleza. Kwa mila ya zamani ya Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Mwanamke akisikia baba mkwe anakuja hujifunika nguo, hutoka njiani, humpisha. Hawasemezani, wakiwa na neno hulipitisha kwa mtu wa tatu. Siku hizi, na makanisa haya na simu hizi, wengi wameiacha. Mkamwana anamtumia baba mkwe picha za keki. Lakini Ambindwile alikuwa ameishika mila hiyo kwa miaka mitano, kwa meno yote. Tulia akija kusalimia nyumbani, yeye alitokea mlango wa nyuma akaingia migombani, akakaa huko mpaka aambiwe mgeni kaondoka. Siku moja ya masika alisimama humo saa nzima na nusu, amejifunika beseni kichwani, akihesabu mikungu ya ndizi. Wazee wa mtaa walimsifu. Walisema huyu ndiye Mnyakyusa aliyebaki. Alipokea sifa hizo kwa unyenyekevu, huku shati limemganda mgongoni.

Ni jirani yake tu, Meshaki, aliyewahi kumwambia, "Hata zamani mila hii ilikuwa na mwisho wake, bwana. Marehemu baba alimpa mke wangu zawadi, wakasalimiana, yakaisha. Mwaka haukupita." Ambindwile akajifanya amepatwa na kikohozi.

Maana haikuwa mila. Ilikuwa aibu iliyovaa koti la mila. Miaka mitano iliyopita, siku Lutengano alipomleta mchumba wake nyumbani kwa mara ya kwanza, Ambindwile aliuliza binti ni wa nani. Akaambiwa baba yake ametoka Makete, anachuma chai, wanaishi kambini. Akasema, kwa ile sauti yake ya mizani inayofika ng'ambo ya bonde, "Wa kambini? Aliyekulia chumba kimoja na ndoo? Atamlisha mwanangu nini huyo, majani ya chai?" Hao watu wa kambini ndio aliokuwa akiwapimia majani miaka thelathini, na ugali wake ulitoka kwenye migongo yao. Alipogeuka akamwona binti amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Tulia aliliweka sinia juu ya meza taratibu, akapiga goti, akasema shikamoo, akatoka. Chai yenyewe Ambindwile aliinywa. Vikombe viwili.

Kutoka siku hiyo hakuweza kumtazama, na mila ikamjia kama mwavuli wakati wa mvua. Na sasa Lutengano alikuwa amehamishiwa Kigoma. Wiki iliyotangulia alipiga simu: "Baba, tunaondoka Jumatatu. Ukitaka kumwona mtoto, njoo, au tuje." Ambindwile akajibu, "Mila, mwanangu." Simu ikakatwa. Mtoto ana miaka mitatu, na babu yake anamjua kwa picha moja tu iliyopigwa kwa nyuma. Kigoma si Mbeya. Alijua kwamba akiwaacha waende hivihivi, amewaacha moja kwa moja, na hakuwa na mtu mwingine duniani.

Basi huyo Tulia ndiye amesimama kando ya mtaro. Ambindwile akafanya alichozoea, akageuka. Lakini hapa hapakuwa na migomba. Kulikuwa na barabara, na walimu watano waliokuja kusikia historia.

"Karibuni Tukuyu," akaiambia nguzo ya umeme.

"Mzee," Dainess akasema, "sisi tuko huku."

"Najua mliko. Nawaheshimu. Katika msafara wenu yumo mkamwana wangu, na kwa mila yetu siwezi kumtazama. Kwa hiyo nitatangulia, nanyi mtasikia."

Walimu wakaguna kwa kuvutiwa. Erasto alifungua daftari akaandika haraka. "Hii ndiyo historia hai," alisema. Na Ambindwile, asiye na haya, akajisikia kujivuna kidogo pale pale.

Wakaanza kutembea. Mbele kofia ya pama, nyuma yake walimu, na mwisho kabisa Tulia, ambaye kila Ambindwile aliposimama naye alisimama, kila alipopinda alisubiri, asikanyage hata alipokanyaga yeye. Alikuwa anaijua mila kuliko mwenye nayo.

Kituo cha kwanza kilikuwa safu ya maduka ya zamani. Ambindwile akasimama mbele ya mlango mmoja wa mbao wenye nakshi, amewapa kisogo, akanyoosha fimbo. "Mlango huu," akasema, "ulitoka pwani kabla ya barabara. Ulibebwa kichwani na wapagazi arobaini. Miezi mitatu njiani. Wawili waliliwa na simba, na mlango haukuguswa na tone la mvua."

Kisha akasikia mnong'ono nyuma, na Dainess akakohoa.

"Mzee, mwenzetu anauliza kitu, anapitisha kwangu. Anauliza mbona hapa chini, karibu na bawaba, pameandikwa namba ya simu ya fundi wa Uyole, pale Mbeya."

Ambindwile akainama. Ilikuwapo, kwa kalamu nene, tarakimu zote kumi. Miaka mitatu alikuwa akiusifu mlango ule na hakuwahi kuinama.

"Huyo," akasema, "ni fundi aliyeukarabati."

Minong'ono. "Anasema ahsante kwa ufafanuzi," Dainess akasema. Sauti yake ilikuwa inacheka.

Hapo akakumbuka kwamba Tulia anafundisha historia. Lutengano alikuwa amemwambia mara nyingi, kwa fahari, na yeye kila mara alikuwa akibadilisha mazungumzo. Kijasho kikamtoka chini ya kofia. Ni sawa na kuhubiri ukiwa umelewa halafu ukaona askofu ameketi kiti cha nyuma.

Wakapanda kuelekea kwenye boma. Njiani alipunguza maneno. Aliwaonyesha makaburi ya zamani, akasema kwamba ni makaburi na kwamba ni ya zamani, akapita. Walimu wakashangaa ufupi huo. Nyuma mtoto alikuwa ameamka, anauliza maswali yake mfululizo: mbona nyasi ndefu, mbona ng'ombe analia, mbona babu yule ana kofia kubwa. Alisema "babu" kama watoto wanavyomwita mzee yeyote wa barabarani. Ambindwile akajikwaa.

"Tusekile, nyamaza kidogo," Tulia akasema.

Alikuwa anaambiwa mtoto. Lakini Tusekile lilikuwa jina la mkewe, na hakuwa amelisikia likiitwa na mtu tangu siku ya mazishi. Alijua mtoto amepewa jina hilo; aliandikiwa ujumbe, akajibu "sawa". Kulisikia nyuma ya mgongo wake, likiitwa kwa upole na kwa kukaripia, vilevile yeye alivyokuwa akimwita mkewe ndani ya nyumba, kulimkata maini. Alitamani kugeuka. Badala yake alirekebisha kofia.

Boma lilikuwa kimya, ofisi zimefungwa kwa kuwa ni Jumamosi. Wakasimama upande wa nje, chini ya ukuta mnene wa zamani. Akaona aokoe jina lake. Akawaonyesha pete ya chuma iliyochomekwa ukutani, akashusha sauti. "Hapa ofisa wa Kijerumani alikuwa akimfunga simba wake. Simba dume. Akitoka ofisini anamlisha nyama kwa mkono."

Minong'ono. Dainess akakohoa tena, na walimu wengine wakaanza kukohoa naye.

"Anauliza, simba huyo alikuwa na kimo gani, maana pete iko usawa wa goti. Na anauliza kama haiwezekani palikuwa pakifungwa punda."

"Inawezekana," Ambindwile akasema kwa sauti ndogo, "kulikuwa na punda pia."

Walimu wakaangua kicheko, na cha ajabu, yeye naye kikambana. Alikiona kituko chenyewe: mzee wa miaka sitini na mbili, kofia ya pama, anabishana na ukuta kuhusu punda. Laiti wangeishia hapo angeenda nyumbani mtu mwenye furaha kiasi. Lakini matembezi yake yalikuwa na kituo cha mwisho, tena ndicho alichokitangaza kuliko vyote, na kilikuwa hatua kumi tu mbele yao.

Kwenye kona ya ukuta, chini ya mti, kulikuwa na jiwe la kijivu, bapa juu, lenye ukubwa wa kiti. Ambindwile akalisogelea akaweka mkono juu yake. Maneno yake yalitoka yenyewe kwa mazoea, kama sala ya chakula.

"Hili ni Jiwe la Machifu. Hapa ndipo machifu wa nchi hii waliketi kwa zamu siku Mjerumani alipowaita. Mnaona lilivyolainika? Ni kwa kukaliwa. Saba waliketi, na wa saba alipoinuka..."

Alinyamaza mwenyewe, kwa sababu nyuma yake hapakuwa na mnong'ono. Kisha sauti ya Tulia ilisikika, ikimwambia Dainess kitu kifupi, na Dainess hakukohoa wala kucheka.

"Mzee. Anasema hili si jiwe la machifu. Anasema ni la mama. Lilikuwa nyuma ya nyumba yenu, karibu na mlango."

Kalamu ya Erasto ilisimama. Mvua nayo ilikuwa imesimama, na majani ya mti yalikuwa yanadondosha matone juu ya kofia, moja, moja.

Angeweza kukataa. Mawe yanafanana. Alikuwa na uongo tayari mdomoni, na ulikuwa mzuri, ulikuwa na Mwingereza ndani yake. Lakini akiwa ameweka mkono pale, alihisi kile kishimo kidogo cha ukingoni ambapo mkewe alikuwa akinolea kisu, na uongo ukakataa kutoka. Akautazama ukuta wa boma. Akaanza kuongea nao.

"Ni kweli," akasema. "Hakuna chifu aliyelikalia. Aliyelikalia ni mke wangu, Tusekile. Alipougua, asubuhi alitolewa nje akaketishwa juu ya jiwe hili aote jua, akalishwa uji. Aliyemtoa si mimi. Aliyemlisha si mimi. Ni huyo mkamwana wangu. Aliacha kazi yake wiki tano. Alimwogesha, alimgeuza kitandani, alimbadilisha nguo. Mimi nilihamia kwa jirani yangu Meshaki, nikasema mila hainiruhusu kulala nyumba moja na mkamwana. Watu wakanisifu. Nilikuwa nakula wali kwa Meshaki, mke wangu anakufa hatua hamsini kutoka nilipo."

Akaendelea, kwa kuwa ukuta hauna macho.

"Na haikuwa mila. Nilimtukana huyo binti siku ya kwanza aliyokanyaga kwangu. Nilisema mtoto wa kambini atamlisha mwanangu nini. Akanisikia. Sikuwa na ubavu wa kumwambia nimekosa, basi nikakimbilia mila, nikajificha humo miaka mitano. Mke wangu alipozikwa nikawa kila nikifungua mlango wa nyuma nakutana na jiwe hili. Nikatafuta toroli na vijana wawili, nikalileta huku, nikalitungia machifu. Nilidhani litanyamaza. Mimi si mwanahistoria. Mimi ni mzee mwoga, na mjukuu wangu ana miaka mitatu, sijawahi kuuona uso wake. Tulia, nisamehe."

Akashusha pumzi. Alijihisi mwepesi, hata akajisikia fahari kidogo, maana alikuwa amesema vizuri. Tabia ni ngozi. Mwalimu mmoja alikuwa anapenga kamasi. Akangoja jibu.

Jibu halikuja. Akangoja tena.

"Dainess," hatimaye akanong'ona, "anasemaje?"

"Mzee," Dainess akasema, naye sauti yake ilikuwa imelowa, "hayupo. Mtoto alibanwa na mkojo pale ulipoanza tu kusema. Wameenda nyuma ya ule uzio."

Kilichomtoka Ambindwile hakikuwa kicheko wala kilio. Miaka mitano amekusanya maneno yale, na siku aliyoyatoa ameyatoa kwa ukuta, mwalimu wa hesabu, mwalimu wa jiografia na dereva wa Noah aliyekuwa amewafuata na mahindi ya kuchoma. Mjerumani mwenyewe alikuwa ameyasikia, kama mizimu yake bado iko. Aliyehusika alikuwa anamvua mtoto chupi nyuma ya uzio.

Nyayo zikarudi juu ya majani mabichi. Zikasimama. "Kuna nini?" ilikuwa sauti ya Tulia. "Dada Dainess, mbona mnalia? Baba amesema nini?"

"Mwambie," Ambindwile akamsihi Dainess, bado amewapa mgongo. "Umeyasikia yote. Mpitishie."

"Hapana."

"Ni desturi, mwalimu. Mtu wa tatu ndiye..."

"Mzee, tangu asubuhi nimebeba maneno yenu, mepesi mepesi, ya milango na punda. Haya mazito utayabeba mwenyewe. Unafikiri tumetoka Mbeya kuja kutazama pete ya punda? Mwenzangu alisema, nikienda nyumbani ataingia migombani. Lakini kwenye matembezi yake hawezi kukimbia, lazima atufikishe mwisho. Basi mwisho ndio huu."

Ambindwile alitazama pete ya punda. Alitazama jiwe. Anakiri kwamba alipima kwa macho urefu wa ukuta kama angeweza kuuzunguka. Kisha akavua kofia, kwa kuwa hakujua mikono aiweke wapi, na akageuka.

Tulia alikuwa mfupi kuliko alivyomkumbuka. Macho yake yalikuwa na uchovu wa mtu anayefungasha nyumba. Yale maneno mazuri yote yalikuwa yamebaki kwenye ukuta. Alipoyatafuta hakupata hata moja lililonyooka.

"Nilikosa," akasema. "Siku ile ya chai. Na siku zote za ugonjwa. Si mila. Ni woga. Ulimwuguza mke wangu, na sikukuambia hata ahsante."

Tulia hakulia. Ambindwile alitamani alie, ingekuwa nafuu kwake.

"Asubuhi aliyofariki," Tulia akasema taratibu, "nilimfumba macho, nikatoka kwa mlango wa nyuma ili wewe uingie. Nilisimama pale nje. Nilifikiri ukishamwona utatoka, useme neno. Lolote. Nilisimama mpaka jua likapanda."

"Najua," Ambindwile akasema. "Nilikuona kupitia dirishani. Nikashusha pazia."

Hilo hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata ukuta. Dainess aliinamisha kichwa. Tulia alimtazama baba mkwe wake kwa muda mrefu, kama mwalimu anavyoutazama mtihani ambao jibu moja tu ndilo sahihi, na mwanafunzi kaliandika kwa mwandiko mbaya kabisa.

"Sijui kama nimekusamehe, baba," akasema. "Sitaki kukudanganya, tumedanganywa vya kutosha leo. Nilitaka nisikie kabla hatujaondoka, na nimesikia." Akashusha kitenge kutoka kichwani, akakifungua pia mgongoni, akamzungusha mtoto mbele. "Mbebe huyu mpaka kwenye gari. Mgongo unaniuma."

Ambindwile alimpokea kwa namna ya mtu anayepokea mayai. Tusekile alikuwa mzito, ananukia mafuta ya mtoto, na alikuwa na ile mikunjo miwili katikati ya nyusi aliyokuwa nayo bibi yake alipokuwa hataki kuamini jambo. Alimtazama mzee huyu mwenye macho mekundu kwa karibu sana.

"We nani?" akauliza.

Mtu mwenye kisa cha kila mlango na kila jiwe la Tukuyu alitafuta cha kusema, akapata kimoja tu.

"Mimi ni babu yako. Baba yake baba yako."

Mtoto alifikiri. Asubuhi nzima alikuwa amesikiliza kutoka mgongoni, wapagazi, simba, machifu saba, na jinsi watu walivyokuwa wakicheka kila mara.

"Uongo," akasema.

Hakuna aliyecheka. Ambindwile hakujitetea, hakuwa na haki hiyo, na alilijua hilo. Alimtazama Tulia juu ya kichwa cha mtoto, macho kwa macho, akasubiri. Tulia alikuwa anakunja kitenge. Alikikunja mara mbili, akakiweka begani, akamfuta mtoto tone la maji kwenye shavu.

"Hapana, mama," akamwambia. "Hilo ni kweli."